Nyuzi Ndani ya Damu: Siko Seli, Malaria na Watu wa Kwetu



Kwetu pwani kila ukoo ulikuwa na mtoto wake wa maumivu ya mifupa. Ubaridi wa kusi ukiingia analia na viungo, macho yake yana umanjano, tumbo limejaa upande wa kushoto, na kila mtu mtaani ana tafsiri yake: kijicho, jini, au damu mbaya ya upande wa mama. Siku hizi hapa Thornhill tunalo jina la hospitali, siko seli, ambayo katika vitabu huandikwa selimundu. Jina limebadilika lakini sauti haijabadilika. Bado tunalitamka chini chini, na posa ikiletwa ndipo tunaponyamaza kabisa.

Katika makala hii tumeona tuieleze historia ya jambo hili kwa njia ambayo pengine wengi hawajaisikia. Tutazungumzia nyuzi ndogo sana zilizomo ndani ya seli za mwili, na hamali wanaotembea juu ya nyuzi hizo. Tutaonyesha kuwa damu tunayoionea haya ndiyo iliyowafungulia wataalamu mlango wa kuona malaria inavyofanya hila zake ndani ya mtu. Na sehemu kubwa ya damu hiyo ilichukuliwa kwetu, Kenya, Uganda na Tanganyika, kutoka kwa watu ambao vitabu havikuandika majina yao.

Thornhill yetu, ambayo barabara ya Yonge imeipasua nusu Vaughan na nusu Markham, ilipewa jina la Benjamin Thorne, mwenye vinu vya unga wa karne ya 19. Sisi tumekuja nyuma sana. Kuna waliotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, kuna waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, kuna waliopitia Maskati au London kwanza, na kuna waliokuja kwa masomo na kazi. Kila mmoja alibeba sanduku lake, na baadhi yetu tulibeba pia jeni moja ambayo hakuna afisa wa uhamiaji aliyetuuliza habari zake. Mwaka 2006 ndipo jimbo la Ontario lilipoanza kupima siko seli kwa kila mtoto anayezaliwa, kwa tone la damu la kisigino. Tokea hapo siri ya ukoo imekuwa ikitoka hospitalini pamoja na mtoto.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1946 daktari aitwaye Beet, aliyekuwa akifanya kazi Balovale katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, aliandika katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki kwamba wagonjwa wake wenye seli za umbo la mundu walionekana na vimelea vya malaria kwa uchache kuliko wengine. Ilikuwa kauli ndogo, na haikupata wasikilizaji wengi. Miaka mitatu baadaye, 1949, kijana mmoja wa chuo cha Oxford, Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini lakini akalelewa katika shamba la Bonde la Ufa nchini Kenya, alifuatana na msafara wa chuo chake uliokwenda Mlima Kenya. Wenzake walifuata mimea na wadudu, yeye akafuata damu. Alipopima watu wa makabila mbalimbali aliona jambo la ajabu: pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba jeni ya siko seli, lakini katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Lugha haikueleza tofauti hiyo, wala rangi, wala chakula. Kilichoieleza ni mbu. Palipo na malaria palikuwa na siko seli.

Allison alirudi kumaliza masomo yake ya udaktari, kisha mwaka 1953 akaja tena Afrika Mashariki kutafuta ushahidi. Karibu na Kampala alipima watoto 290 wa Kiganda. Kati ya watoto 43 waliobeba jeni hiyo, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasioibeba, waliokuwa navyo ni 113. Yaani asilimia 28 kwa asilimia 46 hivi. Halafu akafanya jaribio ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingelikubali kirahisi: aliwachukua Wajaluo 30, wanaume watu wazima, 15 wenye jeni na 15 wasio nayo, akawaambukiza malaria kwa makusudi. Katika wale wasio nayo, 14 walipata vimelea. Katika wale wenye nayo, ni wawili tu. Walitibiwa baadaye, na ripoti inawaita watu waliojitolea. Tunalisoma neno hilo kwa uangalifu, maana mwaka 1953 ulikuwa mwaka wa hali ya hatari nchini Kenya, na Mwafrika aliyeambiwa na daktari Mzungu ajitolee hakuwa na nafasi pana ya kukataa. Kabila lao limeandikwa, hesabu ya vimelea vyao imeandikwa, majina hayakuandikwa. Kwa maoni yetu hao 30 wanastahili kutajwa kila mara Allison anapotajwa, hata kama ni kwa idadi tu.

Taarifa hiyo ilitoka katika jarida la madaktari wa Uingereza mwezi wa Februari 1954. Na hapa ndipo uzi wetu wa pili unapoanza, kwa sababu mwezi wa Mei mwaka huohuo, katika jarida la Nature, zilitoka taarifa mbili zilizoeleza namna musuli unavyojikunja. Moja iliandikwa na Hugh Huxley na bibi Jean Hanson, ya pili na Andrew Huxley na Rolf Niedergerke. (Hao akina Huxley wawili hawakuwa ndugu, ingawa watu wengi huwachanganya.) Hakuna aliyedhani kuwa habari ya musuli wa sungura na chura ina uhusiano wowote na watoto wa Kampala.

Mambo ya musuli yalikuwa na historia yake. Mjerumani Wilhelm Kühne aliipa jina miosini mwaka 1864, akidhani ni kitu kimoja tu kinachofanya kazi yote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika mji wa Szeged nchini Hungaria, Albert Szent-Györgyi, ambaye alikuwa na tuzo ya Nobel tokea 1937 na ambaye alitengeneza vitamini C kwa wingi kutoka katika pilipili za mji huo, aligundua pamoja na wasaidizi wake kuwa miosini haiko peke yake. Msaidizi wake Bruno Straub aliitenga protini ya pili mwaka 1942, nayo ikaitwa aktini. Ukizichanganya protini hizo mbili ukafanya uzi, kisha ukautia ATP, ambayo ndiyo mafuta ya taa ya seli, uzi ule unajikunja wenyewe mbele ya macho yako, nje ya mwili, ndani ya kibakuli. Nchi ile ilikuwa imo vitani upande wa Ujerumani, na Szent-Györgyi mwenyewe ikabidi ajifiche asikamatwe na Gestapo, hivyo dunia ilichelewa kupata habari hizo.

Aktini ni nini hasa? Wale waliokulia Paje, Bwejuu au Jambiani wamewaona akina mama wakisokota kamba za makumbi ya nazi: wanashika ncha mbili, wanazizungusha moja juu ya nyingine, na kila wakiongeza nyuzinyuzi kamba inarefuka. Aktini ni hivyo hivyo. Ni punje za protini zinazoungana kama shanga katika safu mbili zilizosokotana. Seli ikitaka huzirefusha, na isipotaka huzifumua na kuzitumia mahali pengine. Uzi mmoja una unene wa nanomita 7 hivi, kwa hiyo nyuzi 10,000 zikipangwa ubavu kwa ubavu ndipo zinakaribia upana wa unywele mmoja wa kichwani.

Miosini nayo ni mvutaji. Ina kichwa kinachoushika uzi wa aktini, kinajikunja, kinavuta, kinaachia, halafu kinashika tena mbele zaidi. Aliyepata kuwaona wavuvi wakivuta juya ufukweni, mkono huu ukishika na ule ukiachia, hahitaji maelezo mengine. Taarifa zile za Mei 1954 zilisema hivi: musuli haufupiki kwa kuwa nyuzi zake zinafupika, bali kwa kuwa nyuzi zinateleza moja juu ya nyingine. Baadaye wakapatikana hamali wengine. Ian Gibbons aliipa jina daineini mwaka 1965, nayo ndiyo inayoendesha mikia ya viumbe vidogo. Mwaka 1985 huko Woods Hole, Marekani, Ronald Vale na wenzake waliipata kinesini ndani ya mshipa mnene wa fahamu wa ngisi, huyu huyu ngisi tunayemkaanga. Kinesini hutembea kwa miguu miwili, hatua ya nanomita 8 kila mara, ikibeba furushi mgongoni. Hiyo haipiti juu ya aktini bali juu ya mirija myembamba iliyo barabara kuu za seli. Kwa hiyo seli si mfuko wa maji kama tulivyofundishwa skuli. Ina boriti, ina kamba, ina barabara na wachukuzi, na vyote kwa pamoja huitwa kiunzi cha seli.

Anthony Allison mwenyewe, na hili ndilo lililotuvutia kuandika, hakubaki katika siko seli maisha yake yote. Mwaka 1971, akiwa Uingereza, yeye na wenzake wawili walichapisha taarifa juu ya nyuzi zinazojikunja ndani ya makrofaji, yaani zile seli za kinga zinazotambaa na kumeza vijidudu. Mtu yuleyule wa watoto wa Kampala sasa alikuwa anaandika juu ya nyuzi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akarudi Nairobi kuongoza maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo. Mikononi mwake alikuwa na ncha zote mbili za kamba. Lakini aliyezifunga pamoja hakuwa yeye.

Ili kuelewa zilivyofungwa inabidi tuingie ndani ya seli nyekundu. Hii ni seli ya ajabu. Ikikomaa hutupa karibu kila kitu, hata kiini chake, ili ibaki na nafasi ya himoglobini inayobeba hewa. Barabara zake za ndani huzitupa pia. Inachobakiwa nacho ni wavu chini ya ngozi yake: nyuzi ndefu za protini iitwayo spektrini, na kila zinapokutana pana kipande kifupi sana cha aktini, kama fundo la wavu. Wavu huo ndio unaoiwezesha seli kujipenyeza katika vishipa vyembamba kuliko yenyewe kwa siku 120 hivi bila kupasuka.

Kimelea cha malaria kina aktini na miosini zake. Ndizo zinazokiwezesha kuteleza chini ya ngozi baada ya mbu kutuuma, na ndizo anazotumia mtoto wake kujisukuma ndani ya seli nyekundu kwa muda usiofika dakika. Mwaka 1979 Louis Miller na wenzake walivitia vimelea dawa inayotokana na kuvu, ambayo huzuia nyuzi za aktini zisirefuke. Vimelea vilijishikiza kwenye seli, vikabisha hodi, lakini kuingia havikuweza.

Vikishaingia vinakuta tatizo. Vimo katika nyumba isiyo na barabara, na vina mzigo wa kupeleka nje. Seli iliyoambukizwa ikipita katika bandama itakamatwa na kuharibiwa, kwa hiyo kimelea hutengeneza protini yenye kunata na kuipeleka juu ya ngozi ya seli, kwenye vinundu, ili seli igande kwenye ukuta wa mshipa isifike bandamani. Kuganda huko kukitokea katika mishipa ya ubongo ndiyo inakuwa ile malaria inayompotezea mtoto fahamu. Kwetu mtoto wa namna hiyo aliambiwa ana degedege, akapelekwa kwa mganga, na mara nyingi hakurudi.

Sasa mzigo ule unafikaje ukutani bila barabara? Jibu lilikuja mwishoni mwa mwaka 2011, katika jarida la Science, kutoka kwa Marek Cyrklaff, Michael Lanzer na wenzao wa Heidelberg, Ujerumani, waliofanya kazi pamoja na wataalamu wa Burkina Faso. Waligandisha seli zilizoambukizwa kwa ghafla na kuzitazama kwa darubini ya elektroni. Wakaona kuwa kimelea huiba aktini ya mwenye nyumba. Hung'oa vipande vifupi vya aktini kwenye mafundo ya ule wavu, hujenga navyo nyuzi ndefu kutoka kwenye vituo vyake vya ndani hadi kwenye vinundu vya juu, na vifuko vya mzigo vinaonekana vimeshikamana na nyuzi hizo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu amefumua nguo yenyewe.

Halafu wakatazama seli za watu wenye himoglobini ya siko seli, na za wale wenye himoglobini C inayopatikana zaidi Afrika Magharibi. Humo nyuzi zilikuwa fupi na za ovyo, vituo vimepotoka umbo, vifuko vinaelea bila kushikwa. Himoglobini hizo huharibika upesi ndani ya seli, na mabaki yake huzuia aktini isijisokote sawasawa. Mwizi ameingia, ameng'oa kamba, lakini kamba hazifungiki. Mzigo haufiki ukutani vizuri, na seli haigandi kwa nguvu. Miaka 57 baada ya taarifa ya watoto wa Kampala, sehemu ya jibu la kwa nini ilikuwa mezani. Allison alikuwa bado hai. Alifariki mwaka 2014.

Tunasema sehemu, kwani haya si maelezo pekee. Utafiti wa 2018 ulionyesha kuwa ndani ya seli hizo vimelea hushindwa pia kukua pale hewa ya oksijeni inapopungua. Lakini ukubwa wa kinga yenyewe hauna ubishi. Kilifi, kaskazini ya Mombasa, Thomas Williams na wenzake walichapisha mwaka 2005 kuwa kubeba jeni moja humkinga mtoto kwa nusu dhidi ya malaria ya kawaida, na karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali.

Kwa hiyo mtu mwenye jeni moja ni mtoto wa watu waliopona. Hakuna uchafu wa damu ya mama hapo, wala ya baba. Hata jiografia ya jeni hii inaisuta fahari yetu ya makabila: mwaka 2000 Shahina Daar na wenzake walionyesha kuwa siko seli ya Oman imetoka sehemu zaidi ya moja, nyingine ya Kiarabu na Kihindi, nyingine ya Afrika Magharibi, nyingine ya Kibantu. Bahari iliwabeba watu wote hao, na ndoa zikafanya yaliyobaki.

Lakini tusijidanganye kwa upande wa pili. Aliyerithi jeni mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, hana fahari ya kinga. Huyo ndiye yule mtoto wa maumivu, na malaria ikimpata ni hatari zaidi kwake. Tanzania inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa hivyo kila mwaka. Hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2004, chini ya Dk. Julie Makani, kuwaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa wake kwa utaratibu. Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya majaribio ya dawa ya hidroksiyurea kwa watoto wa Kinshasa, Kilifi, Mbale na Luanda: maumivu yalipungua, vifo vilipungua, na hata malaria ilipungua. Ni kidonge cha zamani, si cha bei ya kutisha, na mpaka leo kuna wilaya nyingi za kwetu ambazo hakipatikani.

Hapa Thornhill hakuna malaria. Jeni moja haitukingi na lolote tukiwa Bathurst au Bayview, ila hesabu yake ya ndoa imebaki ileile: wawili wenye jeni wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Tumeona uchumba ukivunjwa kwa minong'ono, na tumeona pia ndoa zikifungwa bila mtu kuuliza, kisha bibi arusi akalaumiwa peke yake. Kipimo ni tone la damu. Vijana wapimwe mapema, kabla ya kadi kuchapishwa, na wazee tuache kuligeuza jibu kuwa aibu. Na wale wanaokwenda likizo nyumbani wakijua kuwa wana jeni moja, wasiache dawa za kinga na chandarua kwa kudhani wamekwisha kingwa. Kinga hiyo ilipimwa kwa watoto waliozaliwa na kukulia kwenye malaria. Mtoto wa Ontario damu yake haijapata kukutana na kimelea hata siku moja.

Isitoshe, kimelea nacho hakikukaa kitako. Mwaka 2022 ilichapishwa kuwa nchini Gambia na Kenya vimepatikana vimelea vyenye mabadiliko ya jeni ambayo huonekana zaidi ndani ya wagonjwa wenye siko seli ya jeni moja, na kwa vimelea hivyo kinga ile ya kale inapungua nguvu. Watoto wa Kenya waliotoa damu kwa utafiti huo walikuwa wa Kilifi.